Sabufa ya laki na thelathini Kariakoo: sauti ipo, wati za kwenye boksi achana nazo

Naanza na jibu, ununue au uache, maana najua kuna mtu anasoma hii akiwa kasimama dukani na muuzaji anamkazia macho. Kama umepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji wengi na unataka kitu cha kupigia Bongo Flava zako jioni na redio asubuhi ukijiandaa, hizi sabufa za kichina zenye boksi moja la mbao na vispika viwili vya pembeni, za kuanzia laki mpaka laki na nusu, zinatosha. Chukua. Ila wakati wa kuijaribu mwambie ashushe sauti, usikubali akupigie ya juu tu, na hapo ndo kila kitu nitakachosema hapa kinapoanzia.

Jina la kampuni silitaji. Nina malalamiko mawili matatu humu ndani na sitaki mtu anitafute, halafu kiukweli kwa bei hii nyingi zinafanana, ukishatoa stika ya mbele unabaki na boksi jeusi na taa za bluu.

Mi nimemaliza ualimu, digrii ipo kwenye bahasha ya kaki, saa hizi najitolea kwenye shule moja ya sekondari huku Tabata na jioni nafundisha tuisheni watoto wa mtaani, hesabu na Kiingereza. Katikati ya hapo ni Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, kufungua, kuangalia, kufunga, kufungua tena kama vile tangazo litatokea kwa sababu nimebonyeza kwa hasira. Wenzangu walioajiriwa wananiambia ningeanza na friji. Friji ya nini na nyama nanunua robo? Mtu unakaa peke yako chumbani na rundo la madaftari ya kusahihisha, ukimya wake unasikia mpaka saa ya ukutani, ndio maana niliweka hela ya tuisheni kidogokidogo mpaka nikaenda kuchukua mziki.

Kariakoo sasa. Ukipita ile mitaa ya kuzunguka Uhuru na Msimbazi unajua mwenyewe, kila duka limetoa spika nje na kila moja linapiga wimbo wake, yani unasikia Diamond sikio la kulia na Harmonize sikio la kushoto na katikati mtu anatangaza vyombo vya plastiki kwa kipaza sauti. Humo ndani ndo unatakiwa useme hii inaimba vizuri au haiimbi! Haiwezekani. Kijana wa duka anakuwekea amapiano, anafungua besi mpaka mwisho, kifua kinatetemeka, unaona umepata. Ile siyo kipimo. Pale kila sabufa inatetemesha kifua. Nikamwambia kaka naomba chomeka flashi yangu, akacheka akasema dada'angu huamini? Nikamwambia naamini ila chomeka, halafu rudisha sauti mpaka tuweze kuongea mi na wewe bila kupiga kelele, na besi weka katikati. Hakufurahi sana lakini alifanya. Akaniwashia ya kwanza ikawa kama mtu anaimba ndani ya ndoo, maneno hayatoki. Ya pili, ambayo ndo niliyobeba, maneno yakatoka. Alianzia laki na sabini, tukavutana, tukamalizia laki na thelathini, na nikamwambia aandike risiti na agonge muhuri wa waranti.

Kwanini nakazania sauti ndogo: kwenye nyumba ya kupanga utapiga sauti kubwa mara ngapi? Labda Jumamosi ya kufua. Siku nyingine zote uko chini, saa tatu usiku, jirani ana mtoto mchanga, na sabufa mbovu ukiishusha inapoteza maneno inabaki na mdundo tu. Unasikia dum dum na msanii hujui anasema nini. Sasa Bongo Flava bila maneno ni nini? Sisi hatusikilizi mdundo peke yake, tunasikiliza mtu kaachwaje na kamwambiaje.

Halafu wati. Boksi langu limeandikwa wati elfu kumi na kitu, kwa maandishi mekundu, na pembeni herufi ndogo PMPO. Geuza sabufa nyuma, angalia pale waya wa umeme unapoingilia, kuna stika ndogo ya fedha. Yangu imeandikwa 220V, 50Hz, 40W. Arobaini! Kitu kinachokula wati arobaini ukutani hakiwezi kutoa elfu kumi spikani, hizo zingine zinatoka wapi, kwa bibi? Hiyo PMPO ni namba ya kufikirika ya kishindo cha kufumba na kufumbua, haina kipimo kimoja ambacho makampuni yamekubaliana, kila mtu anaandika anayotaka. Ukitaka kulinganisha angalia stika ya nyuma au tafuta palipoandikwa RMS, yani wati halisi za mfululizo. Ya arobaini kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi ni nyingi tayari, mi sijawahi kuvuka nusu.

Na hiyo arobaini ilinisaidia sana kwenye kikao cha LUKU. Nyumba yetu tunachangia umeme sawa, basi sabufa ilipoingia tu kaka wa chumba cha mbele akaanzisha hoja kwamba mwenye mziki aongeze. Mama mwenye nyumba akaniita, nikamwamkia, nikakaa, nikapiga hesabu mbele yao wote. Wati 40 maana yake yuniti moja inapiga mziki masaa ishirini na tano. Yuniti kwa tarifu yetu inacheza kwenye 350 na ushee. Nikipiga masaa manne kila siku haifiki hata shilingi sitini. Pasi ya kaka ni wati elfu moja, yani saa moja ya kunyoosha mashati ya ofisini ni yuniti nzima, na anayanyoosha kila asubuhi kwa sababu yeye anayo ofisi. Mama akacheka mpaka akashika kanga. Hoja ikafa.

Tuje kwenye mziki wenyewe, maana ndo ulionipeleka Kariakoo.

Zuchu kwenye hii sabufa anatoka vizuri kuliko wote. Sauti yake iko juu na iko wazi, na kuna ile namna anavyovuta neno mwishoni ambayo kwangu ni taarabu tupu, na asiyejua ajue kwamba ni mtoto wa Khadija Kopa, hakuokota barabarani. Tangu Wasafi wamtambulishe 2020 nimemsikiliza kwenye simu miaka yote, na sikuwahi kusikia vinanda vidogo vinavyopita nyuma ya sauti. Vile vispika vya pembeni ndo vinabeba hiyo kazi, ile boksi kubwa inabeba besi tu, kwahiyo usiviweke sakafuni nyuma ya ndoo ya maji kama nilivyoona kwa rafiki yangu, viweke usawa wa masikio. Mi viko juu ya kabati la vyombo, kimoja kila upande.

Jay Melody naye anakaa vizuri, nyimbo zake ni za taratibu na hazina makelele mengi, ukiweka usiku unasahihisha daftari la Form Two bila kutaka kumchapa mtu. Marioo inategemea. Zile zake za amapiano besi inajaa chumba kizima mpaka vikombe vinagongana, lakini Dar Kugumu yake ya zamani kidogo, ile mhitimu yeyote aliyewahi kutembea na bahasha mjini anaijua, pale sauti iko mbele na sabufa inampa nafasi. Niliiweka siku moja nimetoka kuachwa kwenye usaili wa mchujo, nikairudia mpaka jirani akagonga ukuta. Hakugonga kwa kelele. Aliuliza kama niko salama.

Nyimbo za zamani sasa, za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile kaka zangu wakubwa walikuwa nazo kwenye kanda, kina Profesa Jay kabla hajawa mbunge wa Mikumi, Juma Nature, na kazi za P-Funk Majani pale Bongo Records. Hapa sabufa inakuonyesha kitu. Hazina besi nzito kama za sasa, ukiacha besi pale pale ulipoiweka kwa Marioo zinasikika nyembamba, ila mtu anavyotamka unamsikia neno kwa neno. Nikizipiga hizo naongeza besi kidogo, nikirudi za sasa naipunguza. Usiweke kitufe cha besi mwisho ukakiacha hapo kama pambo.

Inaposhindwa ni singeli. Sio kosa lake sana, singeli inapita bit mia mbili na zaidi kwa dakika, mdundo haujaisha mwingine umeshafika, na boksi la bei hii haliwezi kufukuzana, yani besi inakuwa ngurumo moja ndefu. Mtoto wa Manzese au Tandale ambaye singeli ndo maisha yake, hii asinunue, aongeze hela atafute spika za maana au aendelee kwenda vigodoro tu.

Kingine ambacho si cha sabufa ila kitakufanya uilaumu: nyimbo zako. Nilikuwa na flashi nilijaziwa steshenari, nyimbo mia na kitu kwa buku, na nyingine nilizorushiwa na marafiki zikawa zimerushwa tena na tena. Kwenye simu hujui, ila kwenye sabufa unasikia kabisa kile kidude cha ts ts ts kimekwaruzika kama mtu anakaanga. Nilipozitoa zile na kuweka za ubora mkubwa, zile za 320 kbps, nikaona ni kama nimebadilisha spika. Kabla hujamrudishia muuzaji mzigo jaribu kwanza wimbo safi.

Malalamiko yangu sasa. Yule dada wa bluetooth. Kila ukiunganisha anatangaza kwa Kiingereza chake kwamba imeunganishwa kwa mafanikio, na anatangaza kwa sauti yake mwenyewe, hata ushushe vipi yeye hajali. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri na kutaka kusikiliza kitu taratibu, umeshaamsha nyumba nzima. Nimezoea kutumia flashi asubuhi, bluetooth ni ya jioni.

Kubwa zaidi ni simu. Simu ikiingia ukiwa umeunganisha, mziki unakata na anayepiga anaongea kupitia sabufa, ila sabufa haina maikrofoni, kwahiyo wewe unamsikia yeye hakusikii. Nilikuwa nimepiga mziki wa kufulia, mlango wazi, wapangaji wako uani, ghafla mziki ukakata ikasikika sauti ya mama mmoja mpole sana, "Haloo, tunapiga kutoka ofisi ya rasilimali watu, naongea na mwalimu...?" na majina yangu yote matatu. Uani kimya. Mimi nimeshika simu kwa mikono ya povu nasema ndiyo mama, shikamoo, ndiyo ni mimi, na yeye anasema haloo? haloo? mbona hasikiki huyu? Mdada wa chumba cha pili akakimbia akachomoa waya ukutani, Mungu ambariki, ndo sauti ikarudi kwenye simu. Kumbe walitaka niwapelekee nakala ya cheti cha kuzaliwa tu, basi. Lakini mpaka leo nikitoka na nguo ya kupigwa pasi wananiuliza, vipi, rasilimali watu wamepiga? Kwahiyo ukiwa na maombi ya kazi nje, pigia flashi au tumia waya wa AUX, bluetooth waachie wenye ajira.

Mengine madogo. Ukiizima sauti kabisa usiku kuna mngurumo mdogo wa transfoma, mmmm, unausikia kama chumba kimetulia, dawa yake ni kuzima swichi ya nyuma. Redio inashika ila waya wa antena lazima uuning'inize dirishani, ukiukunja unapata mchele mtupu. Boksi kubwa usilibane kwenye kona, kona inakuza besi na besi ndo inayopenya ukuta kwa jirani. Mi nililivuta likakaa mbali na ukuta na chini nikaweka kipande cha godoro la zamani, malalamiko ya chumba cha pili yakapungua siku hiyo hiyo bila kugusa sauti.

Rimoti ilikufa mapema, na waranti ukisoma vizuri haihusu rimoti. Nyingine zinauzwa pale pale Kariakoo kwa wauza rimoti wa barabarani, nenda na ile mbovu mkononi akulinganishie vitufe, na aijaribu mbele yako kwenye kamera ya simu, ukibonyeza unaona kataa kanawaka, kasipowaka usitoe hela.