"Injini imekufa" wakati hata bolti hawajalegeza: uzoefu wangu na sevisi ya mashine ya majani

Naandika hii bado nina hasira kwahiyo mnivumilie. Jina la hao watu silitaji, ila kama una mashine ya kukatia majani ya petroli imegoma kuwaka na unafikiria kuipeleka kwenye hizi sevisi za kisasa zenye kaunta ya vioo na vijana waliovaa tisheti za kufanana, soma kwanza.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo hata kidogo. Ni ya kusukuma, kisu kimoja chini, kamba ya kuvuta, basi. Imenifanyia kazi miaka na miaka. Oili nabadilisha, chujio la hewa nasafisha, kisu nanoa, na kama najua itakaa muda mrefu bila kazi naiacha inguruma mpaka petroli iishe maana petroli ikikaa sana inaacha utando unaonata kama gundi na vile vitundu vya kabureta ni vidogo mno, vikiziba umekwisha. Majani nakata mwenyewe, simwachii mtu. Naijua kwa sauti ile mashine.

Sasa juzijuzi hapa majani yalikuwa yamerefuka, kisu kikagonga kisiki kilichokuwa kimefunikwa humo ndani. Paa! Ikazima palepale. Nikachomoa waya wa plagi, nikailaza kwa upande ule ambao kabureta inabaki juu, nikakagua kisu, kizima, kimechubuka kidogo tu kwenye ncha. Nikarudisha waya nikavuta kamba, na hapa ndio nataka mnielewe vizuri kwasababu ndio kiini cha hasira yangu yote. Kamba ilininyang'anya mkono. Unavuta inatoka kidogo halafu inarudi ndani kwa nguvu mpaka vidole vinauma, injini inapiga "pah" kwenye bomba la moshi, haiwaki. Dakika moja kabla ya kisiki ilikuwa inakata vizuri kabisa.

Nikaipakia kwenye gari nikaenda.

Kijana wa kaunta alikuwa anaangalia simu. Nikamsalimia, nikamweleza kila kitu kwa mpangilio, kwamba imegonga kisiki, ikazima ghafla, tangu hapo kamba inarudi kwa nguvu na inapiga mlio kwenye bomba la moshi. Akaniuliza nimenunua lini. Nikamwambia. Akacheka kidogo akasema "Hiyo injini imekufa mama, hizo za zamani ndio zinavyokuwa." Jamani, mashine iko bado kwenye buti la gari! Hajaigusa, hajaiona, anajua imekufa! Nikamwambia imekufaje na plagi nimeichomoa nimeiona inatoa moto, na mgandamizo wa hewa ndani ya injini upo, maana kamba ni nzito kama siku zote. Ndipo akainua uso, akaniangalia, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasimama: "Mama, mwambie mzee nyumbani aje tuongee naye, haya mambo ya injini utachoka bure."

Mzee gani? Nimekuambia mimi ndiye ninayevuta hiyo kamba!

Nikameza. Nikasema sawa, ichunguzeni, na hela ya uchunguzi nikalipa kabla, ndio utaratibu wao. Wakakaa nayo kwa muda, kila nikipiga simu "bado fundi anaiangalia". Mwisho nikaitwa nikapewa karatasi imeandikwa injini mbovu haitengenezeki, na kabla sijamaliza kusoma kijana yuleyule ananionyesha mashine mpya zilizopangwa pembeni, naweza kulipa kidogokidogo. Nikaenda kuichukua yangu. Bolti za kile kifuniko cha juu chenye kamba zilikuwa zimefunikwa na yale majani makavu yaliyochanganyika na vumbi, yamegandamana vilevile kama nilivyoipeleka. Hakuna spana iliyopita pale. Hata kidole hakijapita pale. Sasa uchunguzi ulifanyika kwa macho? Kwa ndoto?

Nitende haki lakini. Aliyenisaidia kuishusha kwenye gari alikuwa mstaarabu sana, na siku hiyo kulikuwa na watu wengi, labda kijana alikuwa amechoka. Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota mbili kwa ajili hiyo. Ila kadri ninavyoandika naona hapana. Uchovu unaweza kukufanya uwe mkali kidogo, haukufanyi uandike kwenye karatasi kwamba umechunguza kitu ambacho hujakifungua halafu uchukue hela ya mtu.

Nikampata fundi mwingine, wa kawaida tu, hana kaunta hana tisheti. Nimeshusha mashine, nimeanza kusema kamba inarudi, akanikatisha na swali moja: "Iligonga kitu?" Nikamwambia kisiki. Akatikisa kichwa akasema "Basi dada tuangalie kii."

Akachomoa waya wa plagi, akafungua kifuniko, akalegeza nati ya flaiwili, lile gurudumu zito lililo juu ya injini, akaitoa taratibu kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, akaniita niangalie. Kwenye shafti, ule mhimili wa injini unaozunguka, kuna kijimfereji, na flaiwili nayo ina mfereji wake, na katikati kinakaa kipande kidogo cha chuma laini kinachoshikilia hivyo viwili visipishane, ndiyo kii yenyewe. Kilikuwa kimekatika nusu, kimebaki kama ngazi, mfereji wa huku na mfereji wa kule haviangaliani tena. Kinatoshea kwenye ukucha wangu. Ndio "injini iliyokufa" hiyo.

Akanielewesha, na nawaelezea na nyie kwasababu inaweza kukuokoa. Kwenye mashine nyingi za kusukuma kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Kikigonga kitu kigumu shafti inasimama ghafla, lakini flaiwili juu ni nzito na iko kwenye mwendo, inataka kuendelea, kwahiyo inakikata kile kipande inasogea kidogo. Na sumaku iko kwenye flaiwili, ndiyo inayopita mbele ya koili plagi ikatoa moto. Flaiwili ikisogea, moto unakuja wakati siyo wake, pistoni haijafika inapotakiwa kuwa, ndio maana injini inasukuma kinyume na kamba inakurudi mkononi. Plagi nzima, koili nzima, kabureta nzima, ila kila kitu kinatokea saa siyo yake. Na aliyeitengeneza aliweka chuma laini makusudi kabisa ili kikatike chenyewe badala ya kuharibika kitu kikubwa. Yaani mashine ilifanya kazi yake ikajilinda, halafu mtu mwenye tisheti ya sevisi akaiita maiti.

Fundi hakuishia hapo. Kabla ya kuweka kii mpya alisimamisha kijiti karibu na ncha ya kisu, akazungusha kisu kwa mkono kuona kama ncha zote mbili zinapita umbali uleule, maana shafti ikiwa imepinda kubadilisha kii ni kupoteza muda, itatetemeka mpaka ijimalize. Ilikuwa sawa. Akafunga. Nikavuta kamba mwenyewe, ikawaka, kamba ikarudi taratibu kama zamani.

Sasa ndio nikakasirika zaidi, maana maneno niliyomwambia yule kijana kaunta ndiyo maneno yaleyale niliyomwambia fundi. Kisiki, kamba, pah. Mmoja alisikia ugonjwa, mwingine alisikia mwanamke.

Na hili la "za zamani ndio zinavyokuwa" ni uongo unaonikera kupita kiasi. Mashine ambayo inafunguka kwa spana na spea yake ipo ndiyo inayodumu. Angalia mashine za kufulia, kuna nyingi siku hizi ile tenki ya ndani imeunganishwa moja kwa moja kiwandani, beringi ikianza kulia huwezi kuitoa peke yake, unaambiwa nunua tenki zima, na ukipiga hesabu unaona bora mpya. Wenzetu wameanza kuwabana watengenezaji. Ufaransa tangu 2021 baadhi ya vifaa lazima viuzwe vikiwa na alama, kwa kipimo cha mpaka 10, ya jinsi vinavyotengenezeka kirahisi, na mashine za majani za umeme zilikuwemo kwenye orodha ya kwanza kabisa pamoja na mashine za kufulia. Na Umoja wa Ulaya mwaka huohuo ukaanza kulazimisha spea za mashine za kufulia zipatikane angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Nimefurahi kulisoma hilo, ila alama itasaidia nini kama mtu wa kaunta hataki kufungua bolti nne?

Kwahiyo mashine, nyota tano, na ningeinunua tena kesho. Au niseme nne, maana kampuni iliyoitengeneza ndiyo iliyowapa hawa watu kibali cha kutumia jina lake, na kama hawajui wanachofanya huko ni wajibu wao kujua. Sevisi nilisema mbili, nikasema moja, naondoa hata hiyo.

Na wewe ukiambiwa injini imekufa baada ya kisu kugonga kitu, usiondoke wala usinunue mpya. Waambie watoe flaiwili ukiwa umesimama hapo uone kii kwa macho yako. Wakikataa beba mashine yako. Hela yangu ya uchunguzi nimeidai kwa maandishi, nimeambatanisha picha ya zile bolti zilizojaa majani makavu na ya kii iliyokatika. Wakirudisha nitakuja kusema hapahapa. Wakijibu niwaletee mzee, pia nitakuja kusema.