Slaidi 25 za tishu kwa elfu themanini na tano: trakea safi, umio una maneno

Nililinunua sanduku hili mwezi wa pili kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, akanitumia kwa basi mpaka Njombe. Nampa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nilishaiandika nikaifuta, na kisa chake nitakieleza huko chini.

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye shule ya sekondari. Slaidi zetu za zamani zimepauka hadi kiini cha seli unakitafuta kama sindano iliyoanguka mchangani, na kidato cha tano walikuwa wanaingia kwenye mada ya tishu. Sanduku lenyewe ni la plastiki, lina vijifereji vya kusimamishia vioo, na juu ya kifuniko kuna picha ya mwili wa binadamu uliopasuliwa. Saba ndizo za epithelia, yaani tishu zinazofunika mwili kwa nje na kutanda ndani ya viungo, na hizo ndizo nilizozifuata. Mengine ni misuli, damu, neva, sina neno nayo. Mbili zilifika zimepasuka kwa sababu hakuweka hata kipande cha gazeti ndani.

Trakea, yaani bomba la hewa, peke yake ilinirudishia nusu ya hela. Ukiwa na lenzi ya 10 unaona ukanda wa zambarau tu. Panda mpaka ya 40, cheza na skrubu ndogo taratibu, na ukingo wa juu unaota manyoya kama brashi ya viatu. Hizo ndizo silia, zinazofagia vumbi lililonasa kwenye ute na kulipandisha kooni, ulimeze au uliteme. Viini vimekaa juu na chini bila mpangilio, na kila mwaka wanafunzi huapa kwamba hapo pana tabaka tatu za seli. Mimi huwaambia wafikirie abiria waliosimama kwenye daladala: kuna warefu, kuna wafupi, si kila kichwa kinakaribia paa, lakini miguu yote iko kwenye sakafu. Tabaka ni moja. Kwenye slaidi za zamani nilikuwa nawaomba waniamini, safari hii wameona wenyewe.

Utumbo mwembamba nao umekatwa vizuri, vile vidole vyake vya kufyonzea chakula vimesimama wima na seli zake ndefu zimepangana kama fito za uzio. Binti mmoja akaniita, "Madam, hii imetobokatoboka." Nikachungulia. Hayakuwa matundu, zilikuwa seli za ute. Rangi zilizotumika ni hematoksilini na eosini, ya kwanza hutia viini zambarau na ya pili hutia sehemu nyingine waridi, ila ute haushiki vizuri yoyote kati ya hizo, kwa hiyo seli inaonekana kama kikombe kitupu. Tukakaa hapo karibu dakika ishirini. Niliwaambia kwamba utando huo wote hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, mmoja akauliza seli kuukuu zinakwenda wapi. Nikamwachia ajijibu mwenyewe, darasa likacheka.

Kibofu: kizuri. Seli za juu kabisa zimetuna kama maandazi kwa sababu kibofu kilikatwa kikiwa kitupu. Kikijaa mkojo hujitandaza zikawa bapa. Figo: nzuri pia, vijimirija vyake vyenye seli za mraba utavihesabu mpaka uchoke. Pafu nilitaka kulilaumu, kisha nikakumbuka kwamba kuta za vifuko vya hewa ni nyembamba mno, hadubini yetu ya kioo cha jua ingefanya miujiza gani?

Slaidi ya seli za shavu ni kupoteza hela bure. Chukua kijiti cha meno, kwangua ndani ya shavu lako kwa upole, paka kwenye kioo, tone la methilini bluu, funika. Utapata seli bapa kama chapati, kila moja na kiini chake katikati, tena mbichi. Na utagundua hutoki damu: epithelia haina mishipa ya damu ndani yake, chakula chake kinapenya kutoka kwenye tishu ya chini.

Sasa umio. Umio wa binadamu una tabaka nyingi za seli, na hata zile bapa za juu kabisa bado zina viini. Hauna gamba gumu la keratini kama ngozi ya nje. Nikaweka slaidi, nikakuta juu kuna gamba, limekauka, halina kiini hata kimoja. Nikadhani wamebandika lebo ya umio kwenye ngozi. Nikatafuta vinyweleo, sikuona. Tezi za jasho, hakuna. Chini yake kuna misuli minene, ile ya kusukumia tonge. Basi ni umio kweli, ila wa nani? Panya umio wake una gamba la namna hiyo. Nikampigia muuzaji.

"Dada yangu, hiyo ni orijino kabisa."

"Sijasema ni feki. Nauliza ni ya mnyama gani."

"Si umeona picha kwenye kifuniko?"

Hapo ndipo nyota ya nne ilipoondoka. Kutumia tishu ya mnyama si kosa, slaidi nyingi za shule ziko hivyo na zinafundisha vizuri tu. Kosa ni kuweka picha ya binadamu juu na kunyamaza kuhusu kilichomo. Mwanafunzi akichora umio wenye gamba kwenye mtihani, nani atamlipa alama zake? Nimebandika karatasi yangu kwenye kile kioo: HUENDA NI PANYA.

Zile mbili zilizopasuka alizifidia bila ubishi, nampa haki yake. Safari hii zilifika zimeviringishwa kwenye gazeti. Moja ni misuli, kama nilivyoagiza. Nyingine ni mguu wa mende.