Laptopu tatu, saiba moja Kondele: iliyonidumia na iliyoniumiza roho

Niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kazi ni zile mnazijua, kodi za KRA, huduma za serikali kwa eCitizen, kuandika CV, fomu za KUCCPS za kuomba chuo na HELB za mkopo wa masomo msimu ukifika, na laptopu inawashwa saa moja asubuhi inazimwa saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Kwa hivyo nikisema laptopu imedumu simaanishi ile ya kufunguliwa jioni mtu aangalie filamu.

Ya kwanza nilinunua 2019 ikiwa mpya kabisa, nailoni bado iko kwa skrini, 38,000. Kampuni sitaitaja. Mwaka ukaisha vizuri, na waranti ikaisha nao, halafu miezi miwili baadaye mvua inanyesha asubuhi, nafungua kifuniko nasikia kah! Kona ya kushoto imenyanyuka. Nikaangalia karibu nikaona hinji yenyewe, ile bawaba ya kufungulia skrini, ni nzima, chuma hakijapinda hata kidogo, ni ile plastiki iliyoshika skrubu ndio imepasuka ikang'oka na skrubu yake, yani mtu aliweka chuma kigumu juu ya plastiki nyembamba kama ya kontena ya maji halafu akategemea ifunguliwe na kufungwa kila siku. Fundi akaweka gundi ikashika wiki tatu. Nikawa naiegemeza kwa ukuta, wateja wanaangalia tu.

Na hinji haikuwa mwisho wa shida. Nilitaka kuongeza RAM, ile memori ya kufanyia kazi, kutoka 4GB, fundi akaifungua akaniita, "Sista, kuja uone mwenyewe, hii wamechomelea kwa bodi, hakuna mahali pa kuongeza." Storeji pia hivyo hivyo, 64GB imechomelewa, Windows ikitaka kujiapdeti inakosa nafasi, nafuta faili za wateja ndio ipumue. Niliumia sana maana hiyo pesa ilikuwa ya chama.

2021 nikanunua HP EliteBook 840 G5, ex-UK, 35,000. Ndugu yangu alinikataza, ati utanunuaje kitu kimetumiwa na mzungu miaka mitatu na mpya ziko. Lakini hii imetengenezwa kwa ajili ya ofisi, mwili ni aluminiamu, RAM inaingia kwa sloti mbili, SSD, yani storeji yake, inatoka, na ukitaka kubadilisha betri unalegeza skrubu chache kifuniko cha chini kinatoka chote. Nimebadilisha betri mara moja tu, na hiyo ni kawaida, betri yoyote ya lithiamu ikishachajiwa kama mara 300 hadi 500 inaanza kupungua, haijalishi jina gani limeandikwa juu.

Ya tatu ni Lenovo ThinkPad T480, nilipata 2022. Hii ndio naipenda zaidi kusema ukweli. Iko na betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje unaitoa kwa kusukuma vishikio viwili, stima ikipotea katikati ya fomu natoa iliyoisha naweka ingine na laptopu haizimi. Hapa kwetu stima ikianza kucheza inaweza kwenda na kurudi mara nne kwa saa moja, kwa hivyo kwangu hicho ni kitu kikubwa. Kuna mama alimwaga chai ya maziwa kwa kibodi, nikajua imeenda, lakini chini yake kuna vitundu vya kupitisha maji, nikazima haraka nikatoa betri ya nje, nikaikausha siku mbili. Ilirudi. Herufi ya N ilikuwa inanata kwa sababu ya sukari, tukaisafisha ikaisha. Ukiitafuta angalia isiwe T480s, zinafanana sana lakini yenye s RAM moja imechomelewa.

Mwaka jana fundi alizifungua zote mbili kusafisha feni. Ndani ya T480 vumbi lilikuwa limeganda kwa ile mifereji ya kutoa joto kama kipande cha blanketi, na katikati wale wadudu wadogo wa ziwa wamekauka, wengi sana. Feni ilikuwa inapiga kelele tangu Desemba na mimi nafikiria ni uzee! Tukapuliza, tukaweka pesti mpya ya kupitisha joto kwa prosesa, 800 bob, kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Kama uko karibu na ziwa fanya hii kila mwaka.

Watu huniuliza kati ya HP, Dell na Lenovo ipi hudumu. Mimi nawaambia jina la kampuni peke yake halikusaidii, karibu kampuni zote zinatengeneza laini mbili, ya bei rahisi ya nyumbani na ya ofisi. Latitude ya Dell, EliteBook ya HP, ThinkPad T ya Lenovo, hizo ni za ofisi, na kwa sababu maofisi ya Ulaya huziuza kwa wingi, spea zake mafundi wa hapa mjini wanazo. Ile yangu ya 2019 fundi alizunguka wiki nzima akitafuta kifuniko akakosa.

Kabla ulipe, fungua kile kidirisha cheusi cha Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti, ukiifungua itakuonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na sasa imebaki na gani. Ikiwa chini ya nusu punguza bei. Na prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8, Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025 na Windows 11 haitaki zile za zamani. Nimeona wauzaji wakisukumia watu za kizazi cha 6 kwa 18,000 bila kuwaambia hiyo, na inaniuma kwa sababu wengi wao ni wanafunzi wamechangiwa na familia.

EliteBook sasa imeenda na binti yangu Maseno. T480 iko hapa mezani, N inabonyea sawa.