Piano kuukuu ya kusimama: sheliki au vanishi ya poliyurethani?

Piano nyingi za kusimama zilizotengenezwa Uingereza karne ya 19 zilipakwa sheliki, yaani utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti na kusuguliwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Ukitaka kujua yako ilipakwa nini, dondoshea tone la spiriti mahali pasipoonekana. Pakinata, huenda ni sheliki.

Kwa gharama, vanishi ya poliyurethani inashinda: tabaka chache za brashi na kazi imekwisha. Kwenye sheliki unachomlipa fundi hasa ni mkono na muda wake. Kwa uimara pia vanishi iko mbele, maana glasi yenye maji huacha duara jeupe juu ya sheliki, na chai ya moto ndiyo balaa zaidi.

Mambo hugeuka kwenye matengenezo. Mkwaruzo wa sheliki hutibiwa kwa sheliki mpya, kwa kuwa spiriti hulainisha tabaka la zamani na yote yakashikana. Vanishi ikichubuka, ni msasa tena, na vinia ya piano, yaani ganda la mbao nzuri lililobandikwa juu, ni nyembamba. Fundi akizidisha, mbao ya chini inatokeza na hapo hakuna dawa.

Piano ya shule, yenye watoto na vikombe, mimi nisingeipaka sheliki. Ya urithi, yenye vinia nzuri ya mahogani, vanishi nisingeiruhusu iiguse. Ila kwanza mwite fundi wa kutyuni akague vigingi vya nyuzi: vikiwa vimelegea, piano haishiki tuni hata ing'ae vipi.