Matairi sita ya gari letu la kulala: nilicholipa Nairobi na nilichopata

Jumla ilifika shilingi 296,300, VAT ikiwa ndani. Hapo kuna matairi sita mapya ya saizi ya 295/80R22.5, kazi ya kuvua na kuvalisha, valvu mpya zote, balansi ya mbele na alainimenti. Gari letu limejengwa juu ya chesisi ya basi, lina vitanda, jiko na tangi la maji, na shule zikifungwa ndilo linalotupeleka Naivasha, Samburu au pwani. Ni hela nyingi kwa familia. Naandika ilivyokuwa kwa sababu kabla ya kununua nilitafuta mtu wa kunielekeza nikakosa. Kila niliyemuuliza alikuwa mtu wa malori.

Biashara ya matairi makubwa Nairobi, kuanzia Kirinyaga Road mpaka Industrial Area, inaendeshwa kwa hesabu ya malori. Lori la Mombasa kwenda Malaba linamaliza meno ya tairi huku mpira wenyewe ukiwa bado mchanga, kwa hiyo mwenye lori anauliza kilomita, na ana haki. Gari la kulala husimama uani wiki baada ya wiki, jua likilipiga, uzito wote umekalia mahali palepale. Mpira wa tairi una kemikali za kuulinda ambazo husambaa vizuri tairi linapozunguka na kujikunja. Lisipozunguka, linakauka. Matairi yetu ya zamani yalikuwa na meno mazuri kabisa, dereva yeyote angeyasifu. Lakini ukiinama na tochi uliziona nyufa nyembamba ubavuni, karibu na rimu, kama udongo wa bwawa lililokauka. Tairi la mbele likipasuka ukiwa unateremka kwenda Mai Mahiu, meno hayatakusaidia chochote.

Kwa hiyo kila duka nililoingia nilianza na umri. Ubavuni mwa tairi kuna mstari unaoanza na herufi DOT, na mwisho wake kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1421 ni wiki ya 14 ya mwaka 2021. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, basi omba ligeuzwe. Michelin wanashauri tairi likitimiza miaka mitano likitumika, likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe liondolewe hata kama linaonekana zima. Mimi, kwa jua letu na watoto wamelala nyuma, nimejiwekea miaka saba.

Duka moja la mjini lilinipa bei tamu, 39,500 kwa tairi. Tarehe ikaonyesha yana miaka minne. Muuzaji akaniambia, "Mkubwa, tairi ambalo halijaguswa na barabara halizeeki." Kuna ukweli kidogo hapo, kwa sababu tairi lililohifadhiwa penye giza na ubaridi huchakaa polepole kuliko lililo kwenye gari. Ila haya yalikuwa yamepangwa nje ya duka, juani, na yaliyo juu yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kahawia. Nikapiga hesabu palepale: 237,000 kwa yote sita, ugawe kwa miaka mitatu iliyobaki, ni 79,000 kwa mwaka. Yale niliyonunua baadaye yalikuwa 46,000 kila moja, yametoka kiwandani miezi michache tu. Ni 276,000 kwa miaka saba, chini kidogo ya 40,000 kwa mwaka. Bei ya chini ingenigharimu karibu mara mbili.

Kulikuwa pia na ya Kichina mapya ya 33,000, ambayo kwa kweli sikuyadharau, na ya chapa kubwa za Ulaya yaliyogonga 71,000. Ya bei ghali yanamlipa mtu anayekwenda mbali kila siku. Kwetu sisi yangezeeka na meno yake. Wengine walinisukuma nichukue yaliyobandikwa mpira upya kwa ekseli ya nyuma. Kwa lori, sawa. Kwangu hayana maana, maana kinachozeeka ni mwili wa tairi, na huo unabaki uleule wa zamani.

Gereji niliyoishia iko Industrial Area. Walichonipendezea ni kwamba kabla hata ya bei, fundi aliuliza uzito. Tulikuwa tumeshalipitisha gari kwenye mizani likiwa na maji, gesi na mizigo: mbele tani 5.9, nyuma 9.1. Matairi yaliyoandikwa 152/148, namba za uwezo wa kubeba, hubeba kilo 3,550 kila moja yakiwa peke yake na 3,150 yakiwa pacha, yaani mawili pamoja kila upande kama yetu ya nyuma, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kutosha. Kisha alifanya kitu ambacho sijaona mahali pengine. Aliyapima manne ya nyuma kwa kamba kuzunguka mzingo, akayapanga yanayolingana pamoja, kwa sababu pacha zisipolingana ile kubwa ndiyo inayobeba mzigo wa mwenzake na kupata joto. Presha tuliipata kwenye jedwali la mtengenezaji kulingana na uzito: PSI 105 mbele, 90 nyuma. Kijana wa kompresa alitaka kujaza 120 zote "kama lori". Ukijaza hivyo, gari linarukaruka na sahani zinavunjika kabatini, na breki hazishiki vizuri. Na ukifika Mombasa ukakuta geji inasoma PSI mbili tatu chini ya ulivyoweka Nairobi, tairi likiwa na joto lilelile, usishtuke. Ni tofauti ya mwinuko, tumetoka mita 1,700 hivi kwenda usawa wa bahari.

Kuna mambo hayakunifurahisha. Valvu ndefu za pacha za ndani hazikuwepo, ikabidi zifuatwe mjini na tukapoteza mchana mzima kwa foleni. Bila valvu hizo huwezi kupima tairi la ndani bila kuvua la nje, kwa hiyo sikukubali kuondoka. Pia walikaza nati kwa mashine ya upepo na kutaka kuniaga. Spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, ilitoka stoo baada ya mimi kuidai. Risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, walitoa, na kwa ombi langu wakaandika tarehe ya kila tairi. Bila hiyo utadai dhamana kwa ushahidi gani?

Nje ya lango vijana walitaka kununua yale ya zamani, 4,000 kila moja, kwa sababu ya meno yake. Yangerudi barabarani chini ya abiria. Nilimwomba fundi apitishe grainda ubavuni kwa yote sita kabla hayajatoka, akafanya bila kudai chochote.

Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Sisi tulifanya hivyo Naivasha, na mbili za nyuma kushoto zilikubali robo mzunguko nzima.