Fedha za safari ya nje ukitokea Dodoma: njia za kutanguliza na za kuacha

Msafiri wa Dodoma ana shida ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haijui. Akienda nje, kwa kawaida hushuka treni ya SGR jioni, akatafuta usafiri wa kumfikisha uwanja wa Julius Nyerere, na usiku huohuo akaruka. Hapo katikati hakuna muda wa kuzunguka kutafuta bei nzuri ya dola. Atachukua bei atakayoikuta uwanjani. Ndiyo maana nimezipanga njia hizi kwa vigezo viwili: baada ya makato yote unabaki na nini mkononi, na je, jambo hilo unaweza kulimaliza kabla hujapanda treni?

Kwanza kibao cha bei. Bei mbili unazoziona benki au kwenye duka la kubadilishia fedha ni za mwenye duka: "kununua" ni anachokupa wewe ukimletea dola, "kuuza" ni anachokutoza ukizitaka. Unayesafiri unaangalia ya kuuza. Tuseme ananunua kwa 2,450 na anauza kwa 2,520. Dola 500 zitakugharimu 1,260,000, na usipozitumia ukazirudisha kwa bei hizohizo utapewa 1,225,000. Shilingi 35,000 zimekwenda, na hukununua hata soda. Benki Kuu hutangaza viwango elekezi kila siku ya kazi. Viangalie kwanza, kisha pita katikati ya mji ukaulize benki mbili tatu, maana matawi yamekaa karibu karibu. Fanya hivyo katikati ya wiki. Jumamosi benki hufunga mapema, na Jumapili usihangaike.

Nafasi ya kwanza: kadi ya benki, Visa au Mastercard

Wengi wangeanza na dola taslimu. Mimi naanza na kadi, kwa sababu kiwango cha Visa na Mastercard hakiko mbali na bei ya soko, na hasara kubwa hutokana na makato ya benki yako, ambayo unaweza kuyajua mapema. Nenda tawini uulize mambo matatu: wanakata asilimia ngapi kubadilisha fedha, wanakata kiasi gani kila ukitoa kwenye ATM ya nje, na kikomo cha siku ni shilingi ngapi. Hakikisha pia kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni. Hilo la mwisho ndilo huwakwamisha watu wengi: kadi ina hela, lakini mashine inaikataa.

Ukishafika, kuna mtego mmoja wa kuujua. Mashine ya dukani au ATM inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya nchi uliyopo. Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Ikatae. Ukiichagua, kiwango kinapangwa na wenye mashine, nao hujiwekea faida nono. Chagua fedha ya pale kila mara, hata mhudumu akikushawishi vinginevyo.

ATM za nje nyingi huongeza makato yao juu ya yale ya benki yako, na mara nyingi hukatwa kwa kila muamala. Heri utoe kiasi cha kutosha mara moja kuliko kuchomachoma kila asubuhi. Hoteli nazo huzuia sehemu ya fedha kwenye kadi kama dhamana, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa, kwa hiyo mwenye salio la kubana ataumia. Beba kadi mbili za benki tofauti, na usiziweke kwenye pochi moja.

Zipo pia sehemu ambazo pesa taslimu haina kazi. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014. Ukisimama mlangoni na noti yako, dereva hana la kukusaidia.

Kwa watumishi wanaolipwa posho ya safari: akaunti ya dola yenye kadi yake inaepusha kubadilisha mara mbili pale posho inapoingia kwa dola. Tatizo ni kwamba akaunti haifunguliwi kwa siku moja, na posho nayo tunaijua, mara nyingi huingia mtu akiwa ameshafunga begi. Ifungue kabla barua ya safari haijatoka.

Nafasi ya pili: dola taslimu, chache na safi

Dola ni akiba ya siku mtandao umegoma, na ya kuanzia siku mbili za mwanzo. Chukua noti za 100 zenye utepe wa buluu, zilizoanza kutoka Oktoba 2013. Marekani yenyewe inasema noti zake zote za zamani bado ni halali, lakini huyo wa dirishani Kampala au Istanbul haendi kubishana na Marekani: noti ya zamani, iliyochanika au yenye maandishi ya kalamu ataikataa au ataipunguzia bei. Kwa hiyo wewe nawe kuwa mgumu unapouziwa. Zihesabu na kuzikagua hapohapo dirishani, na iliyochakaa irudishe. Noti ndogo, za 1, 5 na 10, mara nyingi hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100. Beba chache tu, za matumizi madogo ya njiani.

Nenda na pasipoti na tiketi, na risiti uitunze. Ukibeba dola 10,000 au zaidi unapotoka Tanzania, sheria inataka uziandikishe forodhani. China inataka uandikishe kuanzia zaidi ya dola 5,000 taslimu, jambo la kukumbuka kwa wafanyabiashara wa Guangzhou. Mzigo mkubwa lipia kwa TT, yaani kuhamisha fedha kutoka benki hadi benki, si kwa bahasha.

Nafasi ya tatu: simu, lakini kwa majirani

Kwa Kenya, usipitie kwenye dola kama huna sababu. Kutoka shilingi kwenda dola, kisha dola kwenda shilingi ya Kenya, umekatwa mara mbili. M-Pesa ya Vodacom na ile ya Safaricom zinatumiana fedha tangu 2015, kwa hiyo ukiwa na mwenyeji Nairobi unamtumia naye anakutolea. Atakayekaa zaidi ya wiki asajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yake, maana kule hata muuza mahindi ya kuchoma anapokea kwa simu. Wanaopita Babati na Arusha hadi mpakani Namanga wabadilishe kidogo benki au kwenye duka lenye leseni, nauli na chakula tu. Wale vijana wenye mabunda ya noti wanaokukimbilia basi likisimama, waage kwa heshima.

Kadi pepe za mitandao ya simu, zile za namba tu zisizoshikika mkononi, zinafaa kulipia hoteli au ada ya viza mtandaoni. Zaidi ya hapo sizitegemei.

Nafasi ya nne: kununua fedha ya kule ukiwa hapa

Euro na pauni, sawa, benki kubwa huwa nazo. Dirham ya Falme za Kiarabu na riyali ya Saudia zimefungwa kwenye dola kwa kiwango kisichobadilika, 3.67 na 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo anayekwenda Dubai au Umra abebe dola zake akabadilishe kule. Rupia ya India usiitafute hapa. Anayempeleka mgonjwa atume malipo ya awali ya hospitali kwa benki, abebe dola za matumizi, na kila akibadilisha kule atunze risiti, kwani ataombwa akitaka kurudisha rupia zilizobaki.

China ina utaratibu wake. Watu hulipa kwa programu za simu za Alipay na WeChat, na zote mbili zinapokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya ziada. Yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Ziunganishe na kadi ukiwa bado nyumbani, laini yako inapokea ujumbe wa namba ya uthibitisho bila shida.

Nafasi ya mwisho: shilingi mfukoni

Ukishavuka Afrika Mashariki, shilingi yetu ni vigumu kupata mtu wa kuibadilisha, na ukimpata atakupa bei ya kukuonea. Baki na ya kukurudisha Dodoma tu. Dola zitakazosalia ziuze benki ukifika au ziweke kwenye akaunti ya dola. Tangu kanuni za Machi 2025, kuuziana na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini kumepigwa marufuku, hivyo mwenye nyumba wa Area D aliyezoea kodi ya dola naye anatakiwa kupokea shilingi.