Peter au T'Challa: katuni ipi uanze nayo?

Mdogo wangu hapa Katuba aliniomba kitabu kimoja cha katuni, nikajikuta nimeshika viwili.

Amazing Fantasy namba 15, ya Agosti 1962, inaeleza chanzo cha Spider-Man kwa kurasa 11 tu. Peter anaumwa na buibui mwenye mionzi, anapata nguvu, anamwachia mwizi apite, na mwizi huyohuyo anamuua baba yake mkubwa, Ben. Hadithi imekazwa kama fundo.

Fantastic Four namba 52, ya Julai 1966, haina haraka hivyo: T'Challa, yaani Black Panther, anawaalika mashujaa wanne wa Fantastic Four nchini kwake Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika, kisha anawawinda. Chanzo chake kinakuja namba 53, na hapo ndipo moyo wangu unapobaki. Mhalifu Klaw anavamia kutafuta vibranium, madini ya kubuniwa ya Wakanda, anamuua mfalme T'Chaka, baba yake T'Challa; mtoto anaichukua silaha ya Klaw mwenyewe na kumharibu nayo mkono. Kwetu sisi tuliokulia Lubumbashi tukitazama kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, madini kuvuta wageni wenye bunduki si ndoto ya mchoraji.

Kwa ufundi wa kusimulia, Peter anashinda. Lakini nilimpa mdogo wangu T'Challa, namba zote mbili. Kesho yake alirudi, kidole kimebana ukurasa: "Yaya, huyu Klaw atarudi?"

Atarudi, na mkono wa chuma.